Kufundwa kabla ya kupanda meli: mabiharusi wa Kijapani na ndoa za Marekani

Kikombe cha kupimia unga cha Mmarekani hujaa kwa takriban mililita 237. Cha Mjapani, ambacho mtaalamu wa lishe Kagawa Aya alikitengeneza mwaka 1948, ni mililita 200. Na mchele Mjapani hapimi kwa kimojawapo cha hivyo. Ana kipimo chake cha kale kiitwacho gō, mililita 180 hivi. Sasa mpe msichana wa Yokohama maelekezo ya keki ya Kimarekani: vikombe viwili vya hiki, robo tatu ya kile, moto wa nyuzi 350 za Fahrenheit, katika oveni ambayo nyumbani kwao haijawahi kuwapo. Keki haitaumuka, na kosa si lake.

Naanzia kwenye kikombe kwa sababu ndicho tunachokiona kwenye picha za wakati ule: wanawake wa Kijapani waliovaa aproni wameizunguka meza, na mbele yao mwanamke wa Kimarekani ameshika bakuli la unga. Ni picha za shule za mabiharusi, zilizoendeshwa nchini Japani na Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani kuanzia mwaka 1951. Walimu walikuwa hasa wake wa maofisa na askari wa Marekani waliojitolea. Wanafunzi walikuwa wanawake waliokwisha kuolewa na askari wa nchi hiyo, au waliokuwa wakingoja kibali waolewe. Ukizitazama picha hizo kwa haraka utadhani jambo zima lilikuwa mapishi. Mimi naona mapishi ndiyo yaliyokuwa mepesi kuliko yote, na kwamba mambo mazito waliyokwenda kuyakuta wanawake hawa hayakuwekwa mezani. Ili kuliona hilo, inabidi kulifumua fundo uzi mmoja mmoja.

Walikutanaje?

Japani ilisalimu amri tarehe 15 Agosti 1945. Miji mikubwa ilikuwa majivu. Katika usiku mmoja wa Machi mwaka huo, mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000 mjini Tokyo. Chakula kilikuwa cha mgawo, na mgawo haukutosha. Watu wa mjini walipanda treni kwenda mashambani kubadilisha kimono za urithi kwa viazi vitamu. Zaidi ya wanajeshi milioni mbili walikuwa wamekufa, nao ndio waliokuwa wanaume wa rika la kuoa. Baba aliyerudi alirudi bila kazi, na mara nyingi binti mkubwa ndiye aliyebeba nyumba.

Kazi zilizopatikana zilikuwa kwa Wamarekani. Jeshi la kigeni lililoitawala Japani hadi Aprili 1952 lilihitaji wapiga chapa, waendesha simu, wauzaji wa maduka ya kambini, wahudumu wa mgahawa na watumishi wa nyumbani. Humo kazini ndimo wengi walimokutana na waume zao. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, askari zaidi wakapitia Japani, na mikutano ikaongezeka.

Hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa mitaani Japani kulisemwa jingine. Kulikuwa na neno panpan, la kuwaita wanawake waliouza miili yao kwa askari, na neno hilo likamwangukia kila msichana aliyeonekana akitembea na mgeni, hata akiwa karani aliyetoka kazini na shajara yake mkononi. Neno la Kijapani la biharusi wa vita, sensō hanayome, likabeba doa lilelile. Wengi wa wanawake hawa wamelikataa maisha yao yote. Mimi nalitumia hapa kwa sababu ndilo jina ambalo historia imeliandika, lakini msomaji ajue kwamba kwa mhusika jina hilo liliuma.

Kungwi wa kwanza alikuwa sheria

Kabla ya darasa la keki kulikuwa na darasa la makaratasi, na hilo lilikuwa kali zaidi.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliwafungia mlango Wajapani wote, kwa hoja kwamba watu wa asili yao hawawezi kuwa raia. Desemba 1945 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu wake wa askari kuingia nchini nje ya mgawo wa kawaida, na serikali ikawasafirisha kwa meli wanawake wa Uingereza, Italia na kwingineko. Ila sheria hiyo haikumgusa yeyote aliyezuiwa na ile ya 1924. Yaani askari aliyeoa London aliletewa mkewe. Askari aliyeoa Kobe aliambiwa asahau.

Tarehe 22 Julai 1947 Bunge la Marekani likafungua dirisha la siku 30. Ndoa ikifungwa ndani ya siku hizo, mke angeingia bila kujali asili yake. Zikafungwa ndoa 823, nyingi zikiwa za askari Wamarekani waliokuwa wenyewe watoto wa wahamiaji wa Kijapani. Dirisha likafungwa. Agosti 1950 likafunguliwa tena kwa muda, likaongezewa siku hadi Machi 1952. Hatimaye Juni 1952 ikapitishwa sheria ya McCarran-Walter, iliyoanza kazi Desemba mwaka huo, ikaondoa kizuizi cha asili katika uraia. Japani ilipewa nafasi 185 tu kwa mwaka, lakini wake wa raia wa Marekani hawakuhesabiwa humo. Hapo ndipo mto ulipobomoa kingo zake. Hadi katikati ya miaka ya 1960, zaidi ya wanawake 40,000 wa Kijapani walikuwa wamehamia Marekani wakiwa wake za wanajeshi.

Tazama tarehe hizo kwa jicho la wachumba. Huamui kuoana kwa sababu moyo umeamua. Mnaoana kwa sababu dirisha linafungwa mwezi ujao. Na hata dirisha likiwa wazi, askari alihitaji idhini ya kamanda wake, ambaye angeweza kukataa au kumhamishia kambi nyingine. Kasisi wa jeshi aliwahoji. Wachunguzi waliuliza habari za familia ya msichana na siasa zake. Alipimwa damu, akapigwa eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu. Daftari la ukoo wake, koseki, lilitafsiriwa na kupigwa mihuri. Yote haya yalikula miezi, pengine mwaka na zaidi. Wapo waliofunga ndoa za kienyeji wakingoja, ndoa ambazo jeshi halikuzitambua, na watoto wakazaliwa katikati ya kungoja huko. Wapo askari waliohamishwa wasirudi tena. Mwaka 1948, huko Oiso, Sawada Miki alifungua kituo cha Elizabeth Saunders kwa ajili ya watoto waliobaki bila mtu wa kuwapokea.

Kwa upande wa Japani sheria ilikuwa imelegea. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ilisema ndoa itasimama juu ya ridhaa ya wawili wenyewe, na sheria mpya za familia za mwaka 1948 zikamwondolea mkuu wa kaya mamlaka ya kuzuia ndoa. Lakini baba hakuhitaji sheria kumfukuza bintiye. Wengine waliambiwa: ukitoka na huyo, usirudi. Na kwa kuwa safari ilikuwa ya majuma mawili baharini na nauli haikuwa ya mchezo, maneno hayo yaliweza kudumu miaka ishirini hata bila mtu kuyarudia.

Kwa hiyo mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha shule ya Msalaba Mwekundu alikuwa amekwisha kufundwa somo moja: kwamba ndoa yake, machoni pa nchi anakokwenda, ilikuwa ombi. Aliingia darasani akiwa na shukrani na hofu kwa pamoja, na hilo liliigusa kila dakika iliyofuata.

Ndani ya darasa

Japani ilikuwa na jadi yake ya kumwandaa mwali. Waliiita hanayome shugyō: kushona, kupanga maua, kuandaa chai kwa utaratibu wake, kupika, kuketi na kuinama ipasavyo. Familia zenye uwezo ziliwapeleka binti zao kwa walimu. Zisizo na uwezo ziliwaachia akina mama. Baada ya harusi, mama mkwe alichukua usukani na kumfundisha mke mpya ladha ya supu ya nyumba hiyo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ladha yake.

Vita vilikata uzi huo. Msichana aliyezaliwa mwaka 1928 alikuwa na miaka 13 vita vya Pasifiki vilipoanza, na 17 vilipokwisha. Miaka ambayo angeipitisha jikoni kwa mama aliipitisha kiwandani, kwa amri ya serikali, na jikoni kwenyewe hakukuwa na cha kupika. Hili husahaulika sana. Tunasema walifundishwa kuacha desturi zao, na wengi wao desturi hizo hawakuwahi kukabidhiwa zikiwa kamili.

Shule za mabiharusi zilikuja juu ya pengo hilo. Masomo yalikuwa mapishi na kuoka, kutandika kitanda, kumtunza mtoto mchanga, kutumia uma na kisu, kupaka vipodozi, kutembea na viatu vya mchuchumio, kuagiza bidhaa kwa posta kutoka kwenye katalogi, pamoja na historia na serikali ya Marekani. Mara nyingi alikuwapo mkalimani. Yapo mambo humo ya kuchekesha ukiyatazama leo, lakini sioni sababu ya kuwacheka waliokuwamo. Kwa mtu aliyelala kwenye godoro la kukunja sakafuni tangu utoto, shuka la Kimarekani lenye pembe zilizokunjwa na kuchomekwa ni ufundi mpya. Kwa mtu anayevua viatu mlangoni, nyumba ambayo watu wanakanyaga zulia na viatu vya barabarani ni jambo la kuutetemesha mwili. Na kuoga! Mjapani hujisafisha kwa sabuni nje ya beseni, kisha huingia kwenye maji moto yaliyo safi, na familia nzima hutumia maji hayohayo kwa zamu. Mmarekani huingia na uchafu wake, hujipaka sabuni humohumo, kisha humwaga. Usipoambiwa, utaharibu mambo siku ya kwanza katika nyumba ya wakwe.

Somo la mtoto ndilo linaloniuma. Mama wa Kijapani alilala na mtoto ubavuni. Wenyewe husema familia hulala kama herufi ya mto, 川, mistari mitatu, mtoto katikati. Mchana alimbeba mgongoni kwa mbeleko, akafua na kupika naye. Asomaye makala haya akiwa na kanga kabatini hahitaji kuelezwa raha ya hilo kwa pande zote mbili. Shuleni walionyeshwa kitanda cha mtoto chenye vizuizi, chumba cha peke yake, na maziwa ya chupa yaliyochemshwa na kupimwa. Ndivyo mama mwema wa tabaka la kati la Marekani alivyotakiwa kufanya wakati ule. Leo madaktari wa Marekani wenyewe wanahimiza titi la mama, na maduka yao yanauza mbeleko za kila namna. Wanawake wale waliambiwa waache ujuzi ambao dunia ingekuja kuurudia.

Waliofundisha hawakuwa watu wabaya. Walijitolea muda wao, walimwona msichana mpweke anayekwenda mbali, wakampa walichokuwa nacho. Shida ni kwamba walichokuwa nacho kilikuwa Marekani moja tu: ya mke wa ofisa, nyumba yenye bustani ya majani mbele, jokofu, gari, mume anayerudi saa kumi na moja. Waume wa wanafunzi wao wengi walikuwa askari wa vyeo vya chini, watoto wa wakulima, wachimba makaa, wafanyakazi wa viwandani. Wapo wanawake waliojifunza kupanga meza ya wageni sita, kisha wakafika mahali ambapo maji yanachotwa kisimani na choo kiko uani. Kwa mtu aliyeishi Tokyo, mji wa treni za umeme na maduka makubwa ya ghorofa, huko kulikuwa kurudi nyuma, na hakuna aliyemwonya kwamba Marekani nayo ina umaskini.

Naam si ndiyo

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ataling'amua haraka kuliko Mmarekani yeyote.

Muulize Mjapani ambaye hajala, "Hujala?" Atajibu hai, yaani ndiyo: usemalo ni kweli, sijala. Mswahili hujibu vivyo hivyo: "Ndiyo, sijala." Kiingereza kinageuza: "Hapana, sijala." Sasa mweke mke Mjapani jikoni Ohio. Mume anauliza, "Hukulipa bili ya umeme?" Mke hajalipa, anajibu ndiyo kwa mantiki ya lugha yake. Mume anaondoka ametulia. Wiki ijayo taa zinazimwa, na kila mmoja anaamini mwenzake amemdanganya.

Tena hai yenyewe mara nyingi haina maana ya kukubali. Ni naam: nimekuita, umeitika, nimesema, umesikia. Mmarekani aliisikia kama ahadi. Kuna pia kile Wajapani wanachokiita enryo, ile haya ya kukataa kwanza ukikaribishwa, ukingoja ukaribishwe tena. Pwani ya Afrika Mashariki tunaijua adabu hiyo. Mama mkwe wa Kimarekani alimuuliza mgeni wake kama ataongezwa chakula, mgeni akasema hapana asante, sahani ikaondolewa, na binti wa watu akalala na njaa katika nchi aliyoambiwa ni ya shibe.

Kambini watu walikuwa wamejizoesha lugha ya mseto, maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa na chotto matte (ngoja kidogo), takusan (nyingi) na sukoshi (kidogo). Kwa uchumba ilitosha. Ndoa inahitaji kugombana, na kugombana kunahitaji sarufi. Miezi ya kwanza wengi waligundua kwamba hawajawahi kuzungumza na waume zao jambo lolote refu.

Ambayo hayakufundishwa

Mwaka 1951, zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani bado yalikuwa na sheria za kukataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine, na baadhi yalitaja wazi "Wamongolia", neno lililowakusanya Wajapani. Mahakama ya juu ya California ilikuwa imeifuta sheria ya jimbo hilo mwaka 1948; Mahakama Kuu ya nchi nzima ilizifuta zilizobaki tarehe 12 Juni 1967. Kwa hiyo wanandoa waliofungishwa ndoa ubalozini, kwa mihuri ya jeshi la Marekani, wangeweza kuendesha gari kutoka jimbo moja hadi jingine na ndoa yao ikageuka kosa njiani. Katika somo la historia alikuwamo Washington na alikuwamo Lincoln. Hili lilikuwa la kufundishwa kabla ya yote, maana lingeamua mtu akae wapi, alale hoteli ipi, amzike nani wapi.

Na miji ya Kusini ilikuwa na mibao: basi, choo, bomba la maji, huku Wazungu, kule Weusi. Mwanamke Mjapani alisimama kati ya mibao miwili asijue aende wapi, na waliokuwapo hawakujua wamwelekeze wapi. Aliyeolewa na askari Mweusi hakuwa na kitendawili hicho. Jibu lake lilikuwa tayari, na lilikuwa chungu. Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini Julai 1948, lakini amri ya jeshi iliishia kwenye geti la kambi. Baadhi ya wanajeshi wenye wake Wajapani walijikuta wamepangiwa kambi kama Fort Riley, Kansas, nje ya majimbo ya Kusini.

Mtu angesema: wangeegemea kwa Wajapani wenzao waliotangulia Marekani. Hapo pana jeraha jingine. Kwa amri ya Februari 1942, Wamarekani wenye asili ya Japani wapatao 120,000 waling'olewa majumbani mwao na kufungiwa kambini jangwani na milimani. Wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Kambi ya mwisho ilifungwa Machi 1946. Watu hao walikuwa wakijijenga upya kwa kutojionyesha, na wazee wao walishikilia maadili ya Japani waliyoiacha mwanzoni mwa karne. Kwao, mwanamke aliyekuja amemshika mkono askari alikuwa panpan hadi athibitishe vingine. Nawaelewa, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa nyumba kwa sababu ya uso wake huogopa kila kinachouvutia macho uso huo. Lakini aliyelipa ni yule mgeni, aliyefungiwa mlango kwa mara ya tatu: na baba yake, na jirani Mzungu, kisha na aliyefanana naye.

Methali yetu inasema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Shule za mabiharusi zilijengwa juu ya fikra hiyo. Mke avunje lake. Waume hawakuwa na darasa kama hilo la kujifunza supu ya miso, wala maana ya ukimya wa Kijapani, wala kwamba mke anayesema "si kitu" huenda ana homa. Wakwe hawakutumiwa hata waraka. Mji mdogo wa Nebraska uliomwombea mwana wao arudi salama kutoka Pasifiki haukuandaliwa na yeyote kumpokea akiwa na mke kutoka nchi waliyofundishwa kuichukia kwa karibu miaka minne. Badala ya kumwandaa mwenyeji, waume wengi waliwabadilisha wake zao majina. Mwanamke alishuka melini akiwa Mary au Susie kwa kuwa jina alilopewa na baba yake lilimshinda mama mkwe kulitamka.

Australia mambo yalikuwa magumu zaidi, na nayapitia kwa kifupi. Askari wake walikaa Kure, bandari iliyo jirani na Hiroshima, na sera yao ya kuwakubali Wazungu tu ilizuia wake wa Kijapani kabisa hadi Machi 1952. Cherry Parker alifika Julai mwaka huo na mabinti zake wawili, akiwa wa kwanza. Wakamfuata wengine, jumla yao wapatao 650. Kure nako kulikuwa na madarasa ya mabiharusi, yenye meza ileile na unga uleule.

Walichofundishana wenyewe

Hata hivyo shule zile ziliwapa wanawake kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba, nacho ni wao kwa wao. Msichana aliyekuwa akijificha majirani wasimwone alikuta chumba kizima cha wenziwe. Walibadilishana anwani. Baada ya kufika, urafiki huo na ule uliozaliwa melini na katika nyumba za kambi ndio uliokuwa shule ya kweli: daktari yupi haleti dharau, benki ipi yenye karani mvumilivu, jinsi ya kumjibu mwalimu anayesema uache kuongea Kijapani na mtoto. Mijini, YWCA, chama cha Kikristo cha wanawake, na taasisi za kuwasaidia wahamiaji zilifungua madarasa ya Kiingereza kwa ajili yao. Mama wakwe nao wasisahauliwe: wapo waliofunga milango, na wapo waliokaa jikoni mchana kutwa na mke wa mwana wao, kidole juu ya kitabu cha mapishi, hadi kikombe cha mililita 237 kikaeleweka.

Na jikoni ndiko waliporudishia kidogo walichoambiwa waache. Mchele wa punje ndefu haushikamani, hauliki kwa vijiti, lakini California kulikuwa na aina ya Calrose, iliyoanza kusambazwa mwaka 1948, na gunia moja liligawanywa kwa nyumba nne. Sosi ya soya ya kweli ilikuwa adimu nje ya mitaa ya Waasia hadi kampuni ya Kikkoman ilipofungua ofisi San Francisco mwaka 1957. Mwaka 1973 ikajenga kiwanda Walworth, Wisconsin, katikati ya mashamba ya mahindi. Wauzaji husimulia hadithi hiyo kama ushindi wa biashara. Mimi huwafikiria wanawake waliokwisha kukaa miaka mingi katika majimbo yale, wakiagiza chupa kwa posta kutoka Chicago au Los Angeles na kuficha harufu kabla mgeni hajabisha hodi.

Somo la uraia darasani lilikuwa na lengo: siku moja mke huyu ale kiapo. Baada ya mwaka 1952 aliweza, na wengi walikula, ili watoto wasiwe na mama mgeni, ili asiogope kufukuzwa mume akifa. Sheria ya Japani inasema anayechukua uraia mwingine kwa hiari yake amepoteza wa Kijapani. Habari ilipofika nyumbani, karani wa mji aliitoa koseki ya ukoo kabatini, akatafuta mstari wenye jina lake katikati ya majina ya baba, mama na ndugu zake, na kulipiga alama ya X.